Wasifu wa Louis Braille, Mwanzilishi wa Maandishi ya Nukta Nundu

Mtahiniwa, kabla hujaanza kusoma wasifu huu, fanya jaribio dogo. Funga macho, kisha mwombe mwenzako akuwekee kitu chochote kiganjani: ufunguo, sarafu, kifuniko cha kalamu, kokwa la embe. Angalia mkono wako unavyofanya. Hautulii. Vidole vinakizunguka kitu kile, vinakigeuza, vinakibonyeza, na baada ya sekunde chache tu umekwisha kujua ni nini. Sasa rudia jaribio hilo kwa kitu kingine, ila safari hii mkono usisogee hata kidogo. Kitu kilale tu kiganjani. Utashangaa jinsi kitu unachokitumia kila siku kinavyoweza kukupotea ilhali umekishika.

Lishike jambo hilo, maana litakusaidia kuelewa kwa nini mtoto mmoja wa fundi ngozi alifaulu pale ambapo watu wazima wenye elimu na macho mazima walikuwa wamekwama.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, yapata kilomita 40 mashariki ya Paris, Ufaransa. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yake, Simon-René, alishona matandiko ya farasi, hatamu na mikanda, kazi iliyokuwa na wateja tele zama hizo ambapo farasi ndiye aliyelima na ndiye aliyesafirisha. Karakana ilikuwa pale pale nyumbani. Mwaka 1812, akiwa na umri wa miaka mitatu, Louis aliingia katika karakana hiyo, akachukua msharasi, yaani chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, akaanza kumwiga baba yake. Chuma kikateleza, kikamchoma jicho moja. Dawa za kuua vijidudu hazikuwapo. Jicho lile likaoza, maradhi yakahamia jicho la pili, na alipofika umri wa miaka mitano mtoto huyo alikuwa kipofu kabisa.

Wakati ule kipofu wa kijijini kwa kawaida aliishia kuombaomba barabarani. Wazazi wa Louis hawakukubali. Walimzoesha kutembea kwa fimbo, wakampa kazi za nyumbani, na padri wa kijiji, Jacques Palluy, akamfundisha na kusaidia aingizwe katika shule ya kijiji pamoja na watoto wanaoona. Huko alisoma kwa masikio tu. Aliyoyasikia aliyashika, na mara nyingi aliwashinda wenzake. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa mikono mitupu. Mnamo Februari 1819, akiwa na miaka 10, alipata nafasi katika shule ya vijana wasioona iliyokuwa Paris.

Shule hiyo ilianzishwa miaka ya 1780 na Valentin Haüy, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Jengo lilikuwa kuukuu, lenye unyevunyevu na giza. Hata hivyo kulikuwa na kitu kimoja ambacho Coupvray hakikuwapo: vitabu vya kusomwa kwa vidole. Haüy alikuwa amebuni njia ya kukandamiza karatasi yenye maji juu ya herufi kubwa za chapa, ili herufi zitokeze upande wa pili kama nundu. Herufi zilikuwa zilezile za kawaida, A, B, C, ila zilikuzwa. Kitabu kimoja kilikuwa kikubwa na kizito, na kwa sababu ya gharama vitabu vyenyewe vilikuwa vichache.

Watahiniwa wengi husema kwamba Haüy alishindwa. Usiandike hivyo. Haüy ndiye aliyethibitisha kwamba kidole kinaweza kusoma, na bila yeye Louis asingekuwa na pa kuanzia. Kosa lilikuwa mahali pengine: aliwapa wasioona herufi zilizotengenezwa kwa ajili ya macho. Jicho hulipokea neno zima kwa mara moja. Kidole hakiwezi. Kikikutana na herufi kubwa iliyotokeza, kidole hulazimika kupanda na mstari wake, kushuka, kupinda, kurudi, ndipo kijue kwamba hii ilikuwa R na wala si B. Mwanafunzi alisoma herufi moja baada ya nyingine kwa namna hiyo, na kufika mwisho wa sentensi ilikuwa safari ndefu. Tena kulikuwa na dosari kubwa kuliko hiyo: kitabu cha Haüy kilitaka mtambo wa chapa. Mtoto asiyeona aliweza kusoma polepole, lakini hakuweza kuandika hata barua fupi ya kumsalimu mama yake.

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo ulipo moyo wa habari hii. Mwaka 1985 watafiti wawili, Roberta Klatzky na Susan Lederman, walishirikiana na mwenzao kuwapa watu vitu 100 vya kawaida wavitambue bila kuviona. Karibu majibu yote yalikuwa sahihi, na mengi yalitolewa ndani ya sekunde chache. Mwaka 1987 wakaeleza kwa nini. Mkono hausogei ovyo. Kila jambo tunalotaka kulijua kuhusu kitu lina mwendo wake. Lugha yetu inao msamiati wa kutosha wa kuieleza miendo hiyo, nawe ukitakiwa kutofautisha maana za vitenzi vya aina hii usiviche. Ukitaka kujua kama kitambaa ni laini au kinakwaruza, unakipapasa, vidole vikienda na kurudi. Ukitaka kujua kama parachichi limeiva, unalitomasa. Ukitaka kujua kama chai imepoa, unagusa kikombe na kutulia. Ukitaka kujua uzito wa kitu, unakiinua kiganjani na kukipandisha na kukishusha. Ukitaka kujua umbo lake kwa jumla, unakifumbata. Na ukitaka kujua umbo lake barabara, kila pembe na kila mpindo, unalazimika kufuata kingo zake kwa ncha ya kidole.

Mwendo huu wa mwisho ndio unaochukua muda mrefu kuliko yote. Sasa utaona tatizo la vitabu vya Haüy: vilimlazimisha msomaji kufuata kingo, herufi kwa herufi, ukurasa hadi ukurasa. Mwendo wa kupapasa ni wa haraka zaidi na hauchoshi. Maandishi yanayosomeka kwa kupapasa tu ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa, ingawa hakuna aliyejua kulisema jambo hilo kwa maneno haya.

Mwaka 1821 mwanajeshi wa zamani, Charles Barbier, aliileta shuleni hapo njia yake ya kuandika kwa nukta zilizotokeza. Watahiniwa wengi huandika kwamba Braille ndiye mtu wa kwanza kuwaza nukta. Si kweli, na kosa hilo linamnyima Barbier haki yake. Wazo la nukta ni la Barbier. Wazo la kutumia kibao na chuma kidogo chenye ncha, ambacho mtu yeyote angeweza kukishika mkononi na kuandikia, pia ni la Barbier. Nukta inayochongoka inahisika vizuri zaidi kuliko mstari laini, na wanafunzi waliipokea mara moja.

Hata hivyo njia ya Barbier ilikuwa na upungufu. Iliandika sauti tu na kuacha tahajia, haikuwa na alama za uakifishaji, wala namba, wala muziki. Zaidi ya hayo, kila alama ilikuwa na safu mbili zenye nafasi ya hadi nukta sita kila moja, yaani nukta 12 kwa ukamilifu wake. Alama ndefu kiasi hicho haienei chini ya ncha ya kidole. Msomaji alilazimika kupandisha na kushusha kidole ili aihesabu. Barbier alikuwa anaona. Alizipanga nukta zake kwa macho, na kwa macho zilipendeza.

Louis alikuwa na umri wa miaka 12. Alianza kuzipunguza nukta zile, akijaribu wakati wa mapumziko na wakati wa likizo nyumbani Coupvray. Kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Alama ya nukta 12 alikuwa ameikata katikati: safu mbili za nukta tatu tatu, jumla nukta sita. Kisanduku hicho kidogo kinaenea chote chini ya ncha ya kidole kimoja. Kidole hakipandi wala hakishuki. Kinateleza kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kisanduku kinapopita chini yake kinatambuliwa kwa ukamilifu.

Nukta sita huonekana chache, lakini piga hesabu. Kila nukta ama ipo ama haipo, kwa hiyo mipangilio inayowezekana ni 2 kipeo cha 6, yaani 64. Ukiondoa ule usio na nukta yoyote, unabaki na 63. Inatosha herufi zote, alama za uakifishaji, namba na muziki. Mpangilio wenyewe haukufanywa kiholela. Herufi kumi za kwanza, A hadi J, hutumia nukta nne za juu peke yake. Herufi kumi zinazofuata ni zilezile zikiongezewa nukta ya chini upande wa kushoto: A ikiongezewa inakuwa K, B inakuwa L. Mtoto aliyeshika kumi za kwanza huwa ameshapiga hatua kubwa. Herufi moja tu imekaa nje ya utaratibu huo, nayo ni W. Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji, ikaongezwa baadaye. (Laiti Louis angekuwa Mswahili, W isingesahaulika, jaribu kuandika sentensi kuhusu watu wawili bila hiyo.)

Je, kwa nini kisanduku kiwe cha ukubwa ule na si mwingine? Jibu liko katika ngozi yako. Katika Biolojia umesoma kwamba ngozi ni mojawapo ya milango mitano ya fahamu, lakini mlango huo haukufunguka sawa kila mahali. Chukua bikari ya hesabu, ile ya ncha mbili. Mwambie mwenzako afumbe macho, umguse polepole kwa ncha zote mbili kwa pamoja, bila kuchoma. Kwenye ncha ya kidole atazitambua kuwa mbili hata zikiwa zimeachana kwa milimita mbili au tatu tu. Mguse mgongoni kwa umbali huohuo na atakuapia kwamba ni ncha moja. Mgongoni ncha hizo zinahitaji kuachana kwa sentimita kadhaa ndipo zihisike kuwa mbili. Aliyelipima jambo hili kwa utaratibu ni Ernst Weber wa Leipzig, Ujerumani, na alichapisha matokeo yake mwaka 1834. Leo nukta zilizo jirani katika maandishi ya Braille huachana kwa takriban milimita 2.5. Sogeza zaidi, kisanduku hakienei chini ya kidole. Karibisha zaidi, nukta mbili zitakuwa moja. Louis alikuwa ameipata nafasi hiyo nyembamba miaka kumi kabla ya kitabu cha Weber, kwa kutumia kipimo alichokuwa nacho: kidole chake mwenyewe.

Na kidole hicho lazima kisogee. Baadhi ya vipokezi vilivyomo katika ngozi huamka kitu kinapobadilika au kupita juu yake, kisha hunyamaza kikitulia. Ndiyo maana asubuhi unaisikia saa au bangili unapoivaa, na baada ya muda umeisahau. Weka ncha ya kidole juu ya nukta nundu bila kukisogeza na umbo lake litafifia. Kiteleze, nalo linarudi. Kusoma kwa vidole ni kazi ya mwendo kama ilivyo kazi ya kugusa.

Mwaka 1829 Louis alichapisha kitabu cha kwanza cha kueleza njia yake. Humo alikuwa bado anatumia vistari vidogo pamoja na nukta. Vidole vikavikataa; vilikuwa vigumu kuvitofautisha na nukta. Katika chapa ya mwaka 1837 aliviondoa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha tabia yake: hata wazo lake mwenyewe, kidole kikilikataa, alilitupa.

Alikuwa amekwisha kuwa mwalimu. Alianza kama msaidizi mwaka 1828 na kupata cheo kamili mwaka 1833, shuleni hapo hapo. Alifundisha historia, jiometri na aljebra, na alipiga kinanda katika makanisa ya Paris. Alama za muziki alizozibuni zilimpa mpigaji asiyeona uwezo wa kujifunza wimbo bila kusomewa na mtu. Kuna ugumu wake, kwa kuwa mikono inayosoma haiwezi kupiga kinanda wakati huohuo. Mpigaji husoma kipande, hukikariri, ndipo hupiga. Mwaka 1839 alibuni pia njia ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta ili asiyeona aweze kumwandikia barua anayeona.

Ungedhani shule ingeshangilia. Wanafunzi ndio walioshangilia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza waliweza kuandika madokezo ya somo na kuyasoma wenyewe. Walimu wengi walikuwa wanaona, na kwao ukurasa wa nukta ulikuwa kama mchanga uliomwagwa juu ya karatasi. Walisema kwamba maandishi ya pekee yangewatenga wasioona na watu wengine. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini angalia inakotoka: inamtaka asiyeona asome kwa shida ili anayeona asijifunze kitu kipya. Mwaka 1840 shule ilipata mkurugenzi mpya, Armand Dufau, akapiga marufuku nukta. Wanafunzi waliendelea kuziandika kwa siri, wakifundishana wao kwa wao.

Aliyebadilisha mambo ni naibu wa Dufau, Joseph Guadet. Aliona kwamba marufuku haishiki, akachunguza sababu, akamshawishi mkubwa wake. Mnamo Februari 1844 shule ilipozindua jengo jipya, njia ya Braille ilielezwa na kusifiwa hadharani, na wanafunzi wakaonyesha mbele ya wageni jinsi wanavyoandika na kusoma kwayo.

Louis alikuwa tayari mgonjwa. Kifua kikuu kilikuwa kimemwandama tangu ujanani, na wengi huona kwamba unyevu wa jengo la zamani ulichangia. Alipunguza vipindi, akarudi mara kwa mara Coupvray kupumzika, akarejea darasani, akaugua tena. Alifariki Paris tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Serikali ya Ufaransa haikuwa bado imeyakubali rasmi maandishi yake. Ilifanya hivyo mwaka 1854. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliyachagua kuwa njia ya kufundishia wasioona, nayo yakaenea.

Yamefika kwetu pia. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini, alama za Louis zinakifaa bila marekebisho makubwa, na W ipo. Wanafunzi wa shule kama ile ya Thika nchini Kenya na ile ya Buigiri mkoani Dodoma, Tanzania, husoma kwa nukta nundu. Wengine huandika kwa mashine yenye vibonye sita vya nukta, na wengine kwa kibao na chuma chenye ncha. Anayetumia kibao huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa anatoboa nyuma ya karatasi, kisha huigeuza na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Chuma hicho, ukikitazama, kinafanana sana na msharasi. Siku ya mtihani wa kidato cha nne, huenda katika kituo chako yumo mwenzako anayejibu maswali yaleyale unayoyajibu wewe, karatasi yake ikiwa nyeupe tupu machoni pako. Huongezewa muda. Usimwonee kijicho, msomaji hodari wa nukta nundu kwa kawaida bado husoma polepole kuliko anayesoma kwa macho, na kurudi nyuma kutafuta sentensi moja katika ufahamu mrefu humgharimu dakika.

Louis alizikwa katika makaburi ya Coupvray. Mwaka 1952, miaka 100 baada ya kifo chake, mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, Paris, wanakozikwa watu mashuhuri wa Ufaransa. Kijiji kiliomba kisinyang'anywe mtoto wake wote. Mifupa ya mikono yake ikabaki Coupvray, ndani ya chombo kidogo kilichowekwa juu ya kaburi la kwanza, na ingali huko hadi leo.